Masale Yametembea

Bibi aliyekuwa jirani yetu wa upande wa mashariki alikuwa na kauli moja. Aliisema akirudi mfongoni, kwenye mfereji wa maji, na ndoo kichwani, aliisema akitoka kanisani, aliisema hata siku aliyotuletea maparachichi: "Masale yametembea." Hakuwa anafoka. Aliitamka kama mtu anayekuambia mvua za mwaka huu zimechelewa, kisha akaendelea na safari yake. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Ng'ambo, na tulicheka sana. Wenzangu walicheka kwa sababu mmea hauna miguu. Mimi nilicheka kwa kuwa nilijua ulivyotembea.

Kwa ambaye hakukulia Kilimanjaro: isale, kwa wingi masale, ni mmea mwembamba wa majani marefu ya kijani. Hatuuli, wala hatuupandi kwa ajili ya kivuli. Ukikata kijiti chake ukakichomeka ardhini wakati wa mvua, kinashika. Kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, masale ndiyo bikoni; safu yake ikipita hapo, ujue cha huyu kimeishia na cha yule kimeanza. Na jani la mmea huohuo ndilo unalobeba ukienda kuomba radhi kwa mtu uliyemkosea. Kwa mila ya Wachagga, aliyeletewa isale anapata tabu sana kukataa kusamehe. Nadhani wazee walioupa mmea mmoja kazi hizo mbili walijua ugomvi wa majirani unaanzia wapi.

Desemba 1998 nilikuwa likizo, nimemaliza kidato cha kwanza. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na baba mdogo ndiye aliyebeba nyumba yetu yote mgongoni. Bibi wa Ng'ambo alikuwa amekwenda Tanga kwa binti yake aliyejifungua. Asubuhi moja, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kwenye majani ya migomba, baba mdogo akaniita nibebe jembe. Yeye alikuwa na panga na kifurushi cha vijiti vya masale vilivyokatwa urefu wa mkono. Tukang'oa safu ya zamani kwa urefu wa kama hatua thelathini, tukaitupa korongoni, tukapanda mpya. Hatua moja na nusu kuelekea kwa bibi. Katika hiyo hatua moja na nusu ilikuwemo migomba minne ya mshare, aina ya ndizi, na mbuni mmoja mzee.

"Tunanyoosha tu," alisema.

Ninalikumbuka neno hilo kuliko tope lenyewe. Tunanyoosha. Nikashika vijiti, nikavinyoosha.

Bibi alirudi Machi. Alisimama mpakani muda mrefu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Ndipo kauli yake ilipoanza. Isale lina tabia moja iliyokuwa ikimsumbua baba mdogo: usipong'oa mzizi wote, linachipua. Kila msimu wa mvua safu ya zamani ilitoa vichipukizi katikati ya migomba minne ambayo sasa ilikuwa yetu, na kila msimu baba mdogo alizunguka na panga jioni, kabla mtu hajaviona. Nilimwona. Mama alimwona pia, nadhani. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo.

Huyuhuyu mtu alinilipia ada mpaka kidato cha sita, na nilipopata chuo akauza ng'ombe wa maziwa. Wakati wa kumsindikiza ng'ombe yule mnadani alimpiga kofi dogo begani kama anayeagana na rafiki. Mtu asinisomee hadithi hii akadhani nilikuwa na mnyang'anyi ndani ya nyumba. Nilikuwa na baba.

Mwaka 2012 mtoto wa kiume wa bibi alitaka kujenga, akapima, akaona nyumba haikai. Shauri likaenda baraza la ardhi la kijiji. Wakati huo mimi nilikuwa nauza kwenye duka la pembejeo mjini Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Baba mdogo akaja. Sikuzoea kumwona mjini siku ya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Biashara?"

"Tunamshukuru Mungu."

Akaketi juu ya mfuko wa urea, akavua kofia, akaiweka gotini. Alisubiri mteja mmoja wa mbegu za mahindi aondoke.

"Umesikia wananiita."

"Nimesikia."

"Na wewe watakuita. Yule kijana anasema ulikuwepo." Akaigeuzageuza kofia. "Mwanangu, Petro anasema upendano husitiri wingi wa dhambi. Ulipobaki huna baba, mimi nilikusitiri. Sina lingine."

Hakunitisha, wala hakuniambia niseme uongo. Alininukulia Biblia, na tena hakuikosea. Ni Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya nne. Nikampa soda. Akainywa nusu, akapanda gari la kurudi kwetu Old Moshi.

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inataka watatu kati yao wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Tulikaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji, dirisha moja halina kioo. Mwenyekiti akaniuliza kama nakumbuka masale yalikuwa wapi kabla ya 1998. Mjumbe mmoja, mama wa makamo, aliacha kuandika akanitazama.

Nikasema: "Nilikuwa mdogo. Sikumbuki vizuri."

Suluhu haikupatikana. Tulipotoka nje Bibi wa Ng'ambo, ambaye wakati huo alitembea kwa fimbo, alinipita karibu sana. Akanishika mkono. "Pole, mwanangu," akasema. Nimepokea pole nyingi maishani, hata za msiba. Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nilijitetea kwa upendo. Ninasema hivi kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyofanya, sisi tuliolelewa kanisani. Tunajua Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu alitaja mbili, kumpenda Mungu na kumpenda jirani kama nafsi yako, akasema katika hizo hutegemea torati yote na manabii. Basi tunaona kama tumepewa ufunguo mmoja wa milango yote. Ukibanwa, uliza tu: upendo unataka nifanye nini? Mimi niliuliza, na upendo ukanijibu upesi mno, tena kwa sauti ya baba mdogo.

Kuna sentensi ya Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, aliyoitoa akihubiri Waraka wa Kwanza wa Yohana, mwanzoni mwa karne ya tano. Kwa Kilatini ni *Dilige, et quod vis fac*. Kwa Kiswahili inakaa vizuri kuliko inavyostahili: Penda, kisha fanya upendalo. Kilatini kina maneno mawili pale, moja la kumpenda mtu, lingine la kutaka jambo. Sisi tuna shina moja. Ukipenda, karibu chai. Nampenda mama. Mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni. Lugha yetu imeweka kupenda na kutaka kwenye kapu moja, na ukiwa na haraka unatia mkono ndani bila kuangalia umetoa kipi. Siku ile ofisini nilitoa nilichokuwa nakitaka, yaani amani nyumbani, nikakiita upendo.

Lakini Augustino mwenyewe hakuwa anahubiri ulegevu. Katika mahubiri yaleyale anatoa mfano wa baba anayemchapa mwanawe na mwuza watumwa anayembembeleza mtoto wa watu. Kwa macho tu utamchagua anayebembeleza. Hoja yake ni kwamba tendo huwezi kulipima kwa ulaini wake, tazama mzizi. Ukinyamaza, nyamaza kwa upendo. Ukikemea, kemea kwa upendo. Mimi nilikuwa nimenyamaza, na mzizi wangu nilikuwa naujua.

(Na tusimpake mafuta sana. Katika miaka hiyohiyo ya kuvutana na Wadonato, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na kanisa, Augustino alifika mahali pa kukubali dola itumie nguvu kuwarudisha kanisani, na hilo nalo akalitetea kwa upendo. Kwa hiyo hata aliyeitunga sentensi haikumlinda. Aliyechapwa angeulizwa, sijui angesema nini.)

Nikarudi kwenye kitu ambacho nilikuwa nimekikariri kwa ajili ya kipaimara: Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529. Kwa hesabu yetu Walutheri, "Usimshuhudie jirani yako uongo" ni amri ya nane. Luther anapoifafanua anaanza na kumcha na kumpenda Mungu, kama anavyoanza maelezo ya amri zote, kisha anasema tusimsingizie jirani wala kumsaliti, ila tumtetee, tumseme vema, na kila jambo lake tulichukue kwa upande ulio mwema. Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliona maneno hayo ni laini. Sasa yalikuwa na kigingi. Nimtetee nani? Baba mdogo nilikuwa nimemtetea, nimemchukulia kwa upande mwema kabisa, mpaka nikasahau kuuliza neno *jirani* linasimama wapi katika amri. Kwa kitongoji chetu lilikuwa linasimama wazi. Lilikuwa linatembea kwa fimbo, ng'ambo ya masale.

Na hili ndilo nililokuja kuliamini, na kwa hili napingana na wahubiri wengi wa siku hizi wanaosema tukiwa na upendo hatuhitaji amri. Tunazihitaji, kwa sababu upendo peke yake una upendeleo. Unawaona walio karibu na jiko. Mwaka 1966 kasisi mmoja wa Kianglikana wa Marekani, Joseph Fletcher, aliandika kitabu kilichozua mjadala mkubwa, akidai kwamba jambo pekee lililo jema siku zote ni upendo, na kanuni nyingine zote zinaweza kuwekwa pembeni hali ikidai. Mifano yake ilikuwa mizito, kama ule wa mama wa Kijerumani aliyefungwa kambini na Warusi, ambaye njia pekee ya kurudi kwa mume na watoto wake ilikuwa kupata ujauzito, akamwomba mlinzi mmoja amsaidie. Sina ubavu wa kumhukumu mama yule. Ila nimegundua kwamba wengi wetu hatuishi kwenye kambi za vita. Tunaishi kwenye hatua moja na nusu, na hapo "hali ilidai" ni maneno ambayo hata mimi niliyaweza.

Paulo naye tunamkata vipande. Kila harusi niliyohudhuria Moshi lazima isomwe Wakorintho wa Kwanza 13, na kila mara msomaji anakazia macho maharusi kwenye "huvumilia yote". Nimewahi kusikia mstari huo ukisomwa kwa mwanamke aliyekuwa na jeraha juu ya jicho, ili arudi kwa mumewe. Walioukazia walikuwa wanampenda, kwa namna yao. Katikati ya sura hiyo kuna sentensi ambayo sijawahi kuiona kwenye kadi ya harusi: haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Ipo kabla tu ya "huvumilia yote". Anayetaka kufika kwenye kuvumilia anatakiwa apite hapo kwanza.

Hata lile andiko la baba mdogo lilinirudia kwa sura nyingine. Petro amesema *husitiri*. Mama akikuta mtoto wa jirani amechaniwa nguo njiani, anavua kanga yake anamsitiri. Anayeficha nguo ya mtoto huyo chini ya kitanda chake hajamsitiri mtu. Nilihitaji karibu miezi mitatu kuona tofauti hiyo, na mimi Kiswahili ndicho lugha yangu ya kazi.

Miezi hiyo mitatu sikukaa kimya tu. Nilijaribu kulipa kwa mlango wa nyuma. Jumapili moja Bibi wa Ng'ambo alileta mkungu wa mshare kama sadaka, ukanadiwa nje baada ya ibada pamoja na mayai na kuku wa watu wengine. Mzee wa kanisa alianza na elfu tano. Mimi nikapandisha. Mama mmoja wa kwaya akapandisha, nikampita, mpaka elfu thelathini, kwa mkungu ambao Mbuyuni ungeupata kwa elfu kumi. Watu wakapiga makofi. Nilijisikia vizuri sana, nakiri, kifua kilipanuka. Nilipokuwa naufunga mkungu kwenye pikipiki bibi akaja, akazigusagusa ndizi.

"Hizi si mbaya," akasema. "Ila ile migomba minne ya kule ndiyo ilikuwa tamu."

Akaenda zake.

Mwanasheria wa Luka 10 alimwuliza Yesu, "Na jirani yangu ni nani?" Zamani nililiona ni swali la kitaaluma. Sasa nalisikia kama mtu anayeuliza masale yamepita wapi: nionyeshe pa kuishia. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Misheni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro 1902 na kukaa miaka mingi Old Moshi, aliwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba huku kuna vifungo vitatu vinavyomfanya mtu awe mtu, ukoo, ujirani na rika, na kwamba usharika ujengwe juu ya hivyo. Wapo waliomlaumu kwamba aliipamba mno mila. Mimi ninachoona ni kwamba hakusema ukoo peke yake. Sisi tumeushika ukoo kwa mikono miwili, na ujirani tunaugusa tu kwenye misiba. Na Yesu, kwa mwanasheria yule, hakuonyesha mpaka. Alimweleza habari za mtu aliyepigwa na Msamaria aliyemtia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kumaliza deni akirudi. Kisha akaliuliza upya: ni nani aliyekuwa jirani yake yule? Yaani swali la bibi kuwa jirani yangu lilikuwa limekwisha siku nyingi. Lililobaki lilikuwa mimi kuwa wake.

Mathayo 18 inasema ndugu akikosa, enenda ukamwonye, wewe naye peke yenu. Nilipanda kwa baba mdogo jioni ya Ijumaa. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia nitarudi kwa mwenyekiti wa baraza kusema ninachokumbuka, na ningependa yeye aseme kabla yangu. Aliendelea kukata. Baada ya muda akasema, "Ada niliyolipa imekufundisha kunishitaki." Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa sauti ile ya uchovu sikuwa nimejiandaa. Nikasimama pale kama mtoto, na nilimpenda wakati ule kuliko siku nilipomdanganyia. Kuna mahali Marko anasimulia yule tajiri aliyekuja mbio kwa Yesu, na kabla ya kumwambia neno lililomhuzunisha, Biblia inasema Yesu akamkazia macho, akampenda. Mpangilio huo wa maneno sikuwahi kuuelewa. Wala sisemi nilikuwa na macho ya Yesu, nilikuwa natetemeka.

Hakusema. Nikasema mimi. Wajumbe walipokuja kihambani ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua zimeanza, na baba mdogo hakuwa amezunguka na panga msimu huo. Sikumwuliza kwa nini. Katikati ya migomba minne vichipukizi vilikuwa vimesimama mstari mmoja, vya urefu wa kiganja, kama watoto wa chekechea. Yule mama mjumbe aliyeacha kuandika siku ile alivihesabu kwa kidole, akapata kumi na moja. Masale yakarudishwa. Bibi aliomba mbuni mzee ukatwe kwa kuwa ulikuwa hauzai tena. Ndizi za mkungu wa kwanza alitupelekea sisi.

Jani la isale nilimpelekea bibi wiki hiyohiyo, akalipokea, akanikalisha, tukanywa chai, ikaisha. Kwa baba mdogo nilichelewa. Sikujua hata kama ninatakiwa kumpelekea. Kosa gani, la kusema kweli? Mama ndiye aliyeniambia kwamba kusema kweli hakunizuii kuomba radhi kwa miaka niliyomwacha azunguke na panga peke yake. Nikaenda sikukuu ya Krismasi ya mwaka uliofuata, watu wakiwa wamejaa uani wanachoma nyama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko. Tulikuwa hatujaongea mwaka mzima zaidi ya shikamoo na marahaba. Nikampa jani kwa mikono miwili.

Alilipokea, akaligeuza upande huu na huu, akalipitisha kidole.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani, baba."

"Mpakani wapi?" akasema, na akasogea kwenye kigoda, nipate pa kukaa.